Tairi nyeupe za Beetle yangu zimerudi: uzoefu wangu na Bleche-Wite, msasa na stilwaya

Wenye magari ya zamani yenye tairi za mstari mweupe hii ni yenu. Beetle yangu ya 1966 iko hapa Dar, bodi safi, kromu inang'aa, ila tairi zilikuwa zimegeuka kahawia kabisa mpaka watu wananiuliza kama ndo zilivyotoka kiwandani, yaani roho ilikuwa inaniuma kila nikilitazama.

Nilianza na Bleche-Wite, dawa ya Kimarekani ya kuoshea tairi nyeupe, mdogo wangu alinibebea wakati anarudi. Unalowesha tairi, unapuliza dawa, unaiacha kama nusu dakika hivi, unasugua na brashi ngumu halafu unasuuza fasta isije ikakaukia. Fanya kivulini tairi likiwa limepoa, maana kwa jua letu hili ukizubaa kidogo tu imeshakauka. Vaa glavu, ni kali, na isimwagikie rimu za alumini wala rangi ya bodi. Aisee maji yanayoshuka pale ni chai ya rangi kabisa! Vumbi la breki, tope, mafuta mafuta ya kawoshi, vyote vinaondoka. Kwa uchafu wa juu naipa maksi zote.

Sasa kuna ukahawia mwingine unabaki na ule sio uchafu, hapa ndo wengi wanakata tamaa. Mpira mweusi wa tairi unawekewa kemikali za kuuzuia usipasuke kwa sababu ya ozoni iliyopo hewani, na kemikali hizo kazi yake ni kutoka ndani taratibu kuja juu. Kwenye nyeusi huoni kitu, ila zikipenya kwenye mpira mweupe zikakutana na hewa na jua zinageuka kahawia. Doa linatoka ndani kwa ndani, sabuni hailifikii.

Dawa yake ni msasa wa maji. Nilianza na namba 240 nikamalizia na 400, nimeuzungushia kwenye kipande cha sponji, maji ya sabuni muda wote, unasugua kwa kufuata mzunguko wa tairi usikatize. Unatoa ngozi nyembamba sana tu, usikandamize. Ukifika pale weupe unapokutana na weusi nenda taratibu mno, msasa ukigusa nyeusi unaburuta weusi wote kuja kwenye weupe, kwa hiyo suuza msasa kila ukimaliza sehemu ya ukubwa wa kiganja. Weupe unaotokea chini yake ni ule wenyewe, mpira mpya kabisa, nilifurahi mno!

Kuna mafundi watakwambia pitisha tina au petroli, kataa. Vinalainisha mpira na kuyeyusha weusi unasambaa kote. Jik nayo inakausha mpira. Na kawoshi waambie mapema wasipake ile dawa ya kung'arisha tairi, mafuta yake yanaharakisha huo ukahawia.

Kabla hujajisumbua angalia umri wa tairi. Tafuta herufi DOT ubavuni, mwishoni kuna namba nne, mfano 2214 ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Kama ni kuukuu na lina nyufa nunua jingine, weupe hautakuokoa barabarani. Jipya likija na rangi ya bluu juu ya weupe usishtuke, ni ya kulinda tu, inatoka kwa maji ya sabuni na brashi.

Ukahawia utarudi taratibu, hilo lijue. Mimi sasa nafunika gari jua lisipige tairi, na nikiona linaanza kufifia napitisha stilwaya laini na sabuni, msasa sijaugusa tena.

Ila haya yote ni kwa tairi ambazo weupe umeunganishwa na mpira kiwandani kwa joto. Kama wako ni wa kupaka rangi, au zile pete nyeupe zinazobanwa kwenye rimu, msasa usiguse kabisa, sabuni na brashi laini inatosha.