Baibui la kupandia bodaboda: fundi wa Mbuyuni, Moshi

Navaa baibui tangu utotoni na kila siku napanda bodaboda kwenda kazini, kwa hiyo nilipoelekezwa kwa fundi cherehani mmoja wa kike jirani na soko la Mbuyuni sikufuata urembo. Nilitaka vazi ninaloweza kukaa nalo kwa kutanua miguu bila pindo kupanda magotini wala kitambaa kunaswa kwenye mnyororo.

Fundi alinipima nikiwa nimesimama, kisha akanikalisha kwenye benchi kama niliye juu ya pikipiki, akapima upya. Aliweka marinda mapana pande zote mbili, yanayofichika ninapotembea na kufunguka ninapokaa, na mikononi akatia mpira ili upepo usipandishe nguo. Sijawahi kuona fundi mwingine akifikiria hivyo.

Kazi yake ilinikumbusha Aceh, mkoa pekee wa Indonesia unaotekeleza rasmi sharia ya Kiislamu. Mwaka 2013 meya wa mji wa Lhokseumawe, Suaidi Yahya, alitoa waraka wa kuwataka wanawake wanaobebwa na wanaume kwenye pikipiki wakae upande badala ya kutanua miguu, kwa hoja ya kulinda sharia na utamaduni wa Aceh. Mimi ni Mwislamu na stara naipenda, lakini hoja hiyo ya utamaduni siwezi kuikubali, kwa sababu Aceh hiyohiyo ilitawaliwa na masultani wanawake wanne mfululizo kati ya 1641 na 1699, na baadaye mwanamke mwingine, Cut Nyak Dhien, akaongoza wapiganaji dhidi ya wakoloni Waholanzi. Aidha, anayekaa upande hukosa mizani, na dereva akifunga breki ghafla ni rahisi kuanguka. Fundi huyu amelinda stara kwa mkasi na uzi, bila kumwongezea mwanamke hatari barabarani.

Kasoro zipo. Alichelewa siku nne baada ya ahadi, na pa kujaribia nguo ni nyuma ya pazia fupi, jambo lisilofaa kwa duka la mavazi ya stara. Nililipa shilingi 45,000 pamoja na kitambaa, bei ninayoiona ya haki kwa mshono ambao haujafumuka hata baada ya miezi mitano. Mwezi ujao nampeleka binti yangu, ambaye ameanza kwenda madrasa kwa bodaboda.