Tailizi za poselini 60 kwa 60 zinazong'aa: sebuleni ndiyo, bafuni hapana

Dukani neno "tailizi" linabeba bidhaa mbili tofauti, na usipouliza hutaambiwa. Ipo seramiki na ipo poselini, ambayo hushindiliwa zaidi na kuchomwa kwa joto kali zaidi mpaka vinyweleo vikazibika. Wengine huziita zote marumaru, ingawa marumaru yenyewe ni jiwe la kuchimbwa. Geuza kipande, dondoshea maji mgongoni: seramiki huyanywa mara moja, poselini huyaacha yakae juu. Kwa kiwango cha kimataifa, poselini hainywi maji kupita asilimia 0.5 ya uzito wake.

Sebuleni na kwenye korido poselini iliyong'arishwa inastahili bei yake. Ni ngumu, haishiki madoa upesi, na kwa ukubwa wa sentimita 60 kwa 60 maungio ni machache. Bafuni usiiweke: ikilowa inateleza vibaya, na kigae kipana hakikubali mteremko wa kuelekea tundu la maji. Huko tafuta 30 kwa 30 yenye uso wa kukwaruza, boksi likiwa limeandikwa angalau R10, alama ya kipimo cha kutoteleza.

Lawama nyingi zinazotupiwa bidhaa hii ni za ubandikaji. Fundi aliyezoea seramiki huiloweka, kisha huilaza juu ya uji wa sementi. Poselini hainywi, kwa hiyo sementi tupu haipati pa kushika. Baada ya miezi kadhaa kigae kinalia wazi ukikigonga, halafu kinabanduka. Inataka gundi yake maalumu, ipakwe sakafuni kwa mwiko wa meno ya milimita 10 na nyingine nyembamba mgongoni mwa kigae. Madonge matano, manne pembeni na moja katikati, ni kosa baya: yanaacha mapango, na mguu wa kabati ukiangukia hapo kigae kinapasuka. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya vigae. Vikibanwa bila nafasi, joto likivitanua vinanyanyuka katikati ya chumba.

Boksi la vipande 4 linafunika mita za mraba 1.44. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni 16. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, nunua maboksi 13. Vipande vya kuzungushia chini ya ukuta hesabu kando. Kabla ya kupakia, linganisha namba ya rangi kwenye kila boksi, kwa sababu uchomaji tofauti hutoa weupe tofauti, na ukishabandika huwezi kurudisha.