Kikokotoo cha TRA na bili ya wakala: uzoefu wangu wa kuagiza IST

Unayepanga kuagiza gari Japani, bei ya mtandaoni isikulevye. Pitia kwanza kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato Tanzania. Mimi nilikitumia kabla ya kuagiza Toyota IST yangu, na kwa kweli kilinisaidia kuliko watu niliowalipa.

Ni cha bure. Unajaza kampuni ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, halafu kinakuletea mchanganuo mstari kwa mstari: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, uchakavu, VAT, tozo ya reli, ada ya usajili, mpaka jumla kwa shilingi. Hesabu inaanzia kwenye thamani waliyonayo TRA, kwa hiyo usishangae ikizidi ile uliyolipia Japani.

Mstari wa uchakavu, yaani nyongeza ya ushuru kwa umri wa gari, ndio wa kuukodolea macho. Gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likipita 10 ni asilimia 30. Chukua gari la cc 1300 lililothaminiwa shilingi milioni 10 mpaka bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa, asilimia 5 ya milioni 12.5, ni 625,000. Likiwa na zaidi ya miaka 10, uchakavu, asilimia 30 ya ile milioni 12.5, unakula milioni 3.75. Juu ya yote hayo inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni 3,037,500. Jumla inafika 9,912,500, na tozo ya reli bado. Yaani umelinunua mara mbili! Gari la thamani hiyohiyo ambalo halijafika miaka 8 lingedaiwa 5,487,500. Ndiyo maana kijana wa mtaani kwetu aliyeagiza Toyota Passo ya cc 996 anatucheka: chini ya cc 1000 ushuru wa bidhaa ni sifuri.

Sasa wakala wa forodha. Jina nalihifadhi. Mwanzoni alinipa bei ya mdomo, gari lilipotia nanga akanitumia bili kwa WhatsApp. Kodi ziliendana na kikokotoo, sawa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja, "gharama nyingine", wenye pesa ndefu kuliko ada yake mwenyewe. Nikamwuliza, akajibu: "Kaka, hizo ni za bandari, usiwe na wasiwasi." Nikamwambia, sawa kaka, basi nitumie namba ya malipo ya kila moja, ile ndefu ya malipo ya serikali inayoanzia na 99, nilipe mwenyewe kwa simu.

Kimya mpaka kesho yake. Bili ya pili ilipokuja, ule mstari ulikuwa umepasuka vipande: tozo za bandari, ukaguzi wa TBS (shirika la viwango), malipo ya kampuni ya meli ili watoe hati ya kuchukulia gari, na "usumbufu". Huo usumbufu haukuwa na namba wala risiti, nami sikuulipa. Gari lilitoka vilevile.

Kwa hiyo kikokotoo nakipa nyota tano kwa kazi yake, ambayo ni kodi na usajili. Ya bandari na meli hayamo humo, tenga fungu lake. Wakala nyota mbili, na hizo ni kwa sababu gari halikukaa bandarini hadi kuanza kudaiwa hifadhi.

Anayenunua kwa mtu au kwa dalali hapa nchini ana safari fupi zaidi: ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei ya mauziano, ada ya kuhamisha umiliki 50,000, na kadi mpya. Kubalianeni mapema nani analipa, maana wauzaji wengi hujifanya hawajui habari hizo. Bima ndogo ya gari binafsi, ile ya kufidia watu wengine tu, ni 118,000 pamoja na VAT. Akikuuzia mtu kwa bei ya chini ya hapo, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla hujawasha gari.