Magofu ya Kaole kwa mwanafunzi anayetafiti China

Kwa tasnifu inayohusu China, Kaole, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, tunaipa alama za juu, mradi uende na swali linalofaa. Ni kama kilomita 5 kutoka Bagamoyo mjini, mwendo mfupi wa bajaji. Utakuta misikiti miwili, makaburi ya kale na makumbusho ndogo yenye vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vya kauri ya Kichina. Tenga nusu siku nzima.

Swali linalofaa ni hili: Waswahili walivifanyia nini vyombo vya China? Anayetaka kuthibitisha kwamba Wachina wenyewe walitia nanga hapa ataondoka mikono mitupu. Bakuli la Longquan, jimbo la Zhejiang, liliweza kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa India na Ghuba ya Uajemi kabla ya kufika kwetu. Kumbukumbu za safari za Zheng He, amiri wa meli za China (1405–1433), zinazitaja Malindi na Mogadishu. Kigae cha Kaole hakiongezi bandari kwenye orodha hiyo.

Kwenye vigae usikimbilie rangi. Kijani na buluu vyote viwili huwachanganya watu, kwa sababu Uajemi nao walipaka hivyo. Tazama ukingo uliovunjika. Seladoni ya Longquan, yaani kauri yake ya kijani, ina mwili wa kijivu-cheupe, ulioshikamana kama jiwe, na mpako mzito wa kijani juu yake. Pale chini ya kitako pasipopakwa, chuma kilichomo kwenye udongo huacha wekundu wa kutu baada ya kuchomwa tanuruni. Chombo cha Uajemi mara nyingi kina udongo wa manjano, laini, unaonyonya maji. Shida ni kwamba kigae kikiwa kabatini unaona uso tu, kwa hiyo mwombe msimamizi akuonyeshe ukingo na kitako. Na ukikuta herufi sita za Kichina zinazomtaja mfalme Xuande (1426–1435), usiandike tarehe hiyo papo hapo: wafinyanzi wa baadaye waliiga sana alama hizo.

Utamu wa Kaole, lakini, uko nje, kwenye makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe. Fika asubuhi, jua likiwa bado upande, ndipo vishimo vya mviringo vilivyochongwa kupokea mabakuli huonekana vizuri. Chombo cha mezani kimepandishwa juu ya maiti, kikamtangazia kila mpita njia heshima ya aliyelala pale. Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu, na ni historia ya China pia.

Beba barua ya chuo, rula ya kuweka kwenye kila picha, na daftari la kuandika kila kigae kilikutwa wapi. Kupiga picha za utafiti na kupima kunahitaji ruhusa, iombe mapema. Kuokota kigae, hata kidogo kama ukucha, ni kosa kisheria, na kikishatoka mahali pake hakisemi tena kitu.

Ukibaki na siku, pitia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ulizia mabakuli yaliyotolewa kwenye nguzo hizo, ulinganishe kipenyo chake na vishimo ulivyopima.