FatFs kwenye kidude cha kupima joto, uzoefu wangu huku Arusha

Kama unatengeneza vidude vya kupima joto na unyevu na unataka mteja achomoe kadi ya memori mwenyewe, achomeke kwenye laptop afungue Excel bila kukupigia simu, basi mi ningekwambia anza na FatFs, laibrari ya kodi ya kusoma na kuandika mafaili kwenye kadi. Naitumia kwenye vidude ninavyowafungia wakulima wa nyanya na hoho kwenye vitalu nyumba vya Tengeru na Usa River, chip ni STM32F103, ile ya RAM KB 20 tu, na inaenea freshi.

Kaiandika Mjapani anayejiita ChaN, ni C tupu, bure, na hata kifaa cha kuuza unaruhusiwa kuitumia. Ila jua mapema kwamba yenyewe inajua FAT na exFAT tu, yaani namna mafaili yanavyopangwa kwenye kadi, kadi yenyewe haijui kuiendesha. Kuongea na kadi kwa SPI, yaani zile nyaya za mawasiliano kati ya chip na kadi, ni kazi yako, fankisheni za disk_initialize, disk_read, disk_write na wenzake unaandika wewe, na hapo ndo watu wanakwama wanaanza kuilaumu laibrari. Ukipata kosa la FR_NOT_READY angalia kodi yako na nyaya kwanza. Ukipata FR_NO_FILESYSTEM mara nyingi ni kadi ya GB 64 iliyokuja na exFAT wakati hujaiwasha exFAT kwenye FatFs, na ukiiwasha lazima uwashe na majina marefu ya mafaili.

Sasa majina marefu ndo kasheshe. Kwenye ffconf.h, faili la mipangilio ya FatFs, FF_CODE_PAGE (seti ya herufi) inakuja imewekwa 932, yaani ya Kijapani, kwa hiyo ukiwasha majina marefu bila kuibadilisha unabebeshwa majedwali makubwa ya herufi ambazo hakuna mtu Usa River atakaa azitumie, flashi ya kuwekea programu yenyewe KB 64! Weka 437, ya Kiingereza cha Marekani. Au baki na majina mafupi, JULAI.CSV inamtosha mkulima yeyote. RAM ikibana weka FF_FS_TINY iwe 1, mafaili hayatabeba tena kila moja bafa yake ya baiti 512.

Kitu cha kuwa nacho makini ni umeme. f_write, ile ya kuandika, ikirudisha FR_OK usishangilie, ukubwa wa faili haujaandikwa kwenye kadi mpaka uite f_sync au f_close, umeme ukikata katikati faili jipya unalikuta lina baiti 0. Mi naita f_sync kila baada ya dakika kadhaa, kila mstari ni kuichosha kadi bure. Kuna wanaosema nenda littlefs, laibrari nyingine ya mafaili yenye mpangilio wake, na kweli ile imeundwa kuvumilia umeme kukatika, lakini Windows haiisomi yenyewe, sasa aisee nani atamfundisha mzee wa nyanya kuinstoo programu? Kwa data inayobaki ndani ya kifaa, sawa, chukua littlefs.

Halafu get_fattime, fankisheni inayoipa FatFs tarehe na saa ya mafaili, usiipuuze, funga chip ya saa ya DS3231 yenye betri yake, manake mteja akiona mafaili yote yana tarehe moja hataziamini hata namba zilizomo.