Elementi (kofia ngumu ya pikipiki) ya duka la Mwanga, Kigoma: nje inang'aa, ndani imekufa

Nimekaa siku mbili kabla ya kuandika na hasira bado ipo, kwa hiyo mtanivumilia.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha nilianguka na pikipiki pale Gungu, narudi zangu kutoka Mwandiga. Mbuzi. Kisogo kikapiga ukingo wa kalavati, nikaona nyota, nikainuka. Elementi ilichubuka rangi kidogo tu, lakini nilijua imemaliza kazi. Gamba si lolote. Kinachokulinda ni lile povu jeupe la ndani, ndugu wa lile linalokuja na boksi la televisheni. Linabonyea ili kichwa kisibonyee, na likishabonyea halirudi. Pigo moja kubwa, basi. Kwa nje unaweza usione kitu.

Nikaenda duka moja la spea Mwanga, jina naliacha. Mzee mwenye duka akaigeuza mara mbili. "Dogo, hii nzima. Puliza rangi, endelea na kazi." Nikasema nataka mpya. Akanishushia nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, shilingi 45,000, hapungui hata mia.

Na niseme ukweli, mwanzoni niliisifia kijiweni. Ukitikisa kichwa haichezi, mkanda unashika kidevuni sawasawa. Harufu ya rangi tu, nikadhani ndio upya wenyewe.

Siku moja nikavua kitambaa cha ndani nikifue, maana kilishanuka jasho na dagaa wa abiria wangu wa Kibirizi. Nikapitisha kidole kwenye povu. Kisogoni kuna bonde la kukaa yai la kuku, na ufa unatoka hapo unapanda hadi karibu na sikio. Kile kikaratasi cha mwezi na mwaka wa kutengenezwa kimekwanguliwa, imebaki gundi. Yaani kuna mtu alishaanguka nayo kabla yangu! Ikapulizwa rangi, ikaja kichwani kwangu. Halafu rangi zenyewe hizi za thina, na thina inalila povu hilo. Petroli pia, nyie mnaofutia elementi kwa petroli.

Nikairudisha. Dukani kuna wateja kama wanne. "Shikamoo mzee," nikamwonyesha ufa. Hakuangalia ufa, aliniangalia mimi. "Kichwa chenyewe cha kubebea madumu ya mawese, unakichagulia kofia?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Nilipoanza kuandika nilitaka kumtetea. Pengine naye aliuziwa hivyo na watu wa jumla. Wengi wetu hatujui haya mambo, hata trafiki anaangalia kama ipo kichwani tu. Lakini ile tarehe je? Hata usipoanguka, watengenezaji wengi wanakwambia ibadilishe ikifika kama miaka 5, na zetu zinashinda juani kwenye vioo vya pikipiki kutwa nzima. Anayekwangua tarehe anajua anachokwangua. Hapana, simtetei.

Nyota moja. Na hiyo ni ya binti yake, aliyenikimbilia nje akanipa 20,000 imekunjwa ndani ya kiganja. "Kaka, ukinunua nyingine vua kitambaa hukohuko dukani, usione aibu." Basi ziwe mbili, nyota zote za kwake.

Nyingine nimenunua kwingine, nikavua kitambaa mbele ya muuzaji, akanuna, nikaendelea kupapasa. Ile ya ufa nilitaka kuipasua kwa nyundo asije mtu akaiokota na kuivaa, mama akaniwahi. Ameigeuza uani, kuku wake ameatamia humo mayai tisa.

Sasa taa ya nyuma imeungua wiki hii, na kwa Mwanga yote nimeikuta kwa yule mzee tu. Nitapita nikiona binti ndiye aliyekaa kaunta.