Mwana Yanga ndani ya nyekundu: skii na familia Winter Park, Colorado

Nimezaliwa Marangu. Theluji ya Kibo nimeitazama kila asubuhi nikienda shule, na mpaka natimiza miaka 46 sikuwahi kuikanyaga. Nimekuja kuikanyaga Colorado, tena kwa kulipia, Januari 2025, nikiwa na mke wangu, binti yetu anayesoma chuo kikuu cha Ohio State na mdogo wake wa miaka tisa. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa huku Marekani ambao kila baridi likiingia watoto wanawasumbua na habari za skii.

Niseme treni kwanza, maana ndiyo iliyonikosha kuliko vyote. Tulitua Denver Alhamisi usiku, na Ijumaa saa moja asubuhi tukapanda Winter Park Express ya Amtrak pale Union Station. Ni kama saa mbili za kupanda mlima, handaki baada ya handaki, mpaka linafika lile kubwa la Moffat, lililofunguliwa mwaka 1928 na lenye urefu wa kilomita 10 hivi. Giza linakaa hadi watoto wote behewani wananyamaza. Halafu mwanga unakupiga usoni, treni inasimama, na mlima wa skii uko mbele yako, hatua chache tu kwa miguu. Hakuna kuendesha gari kwenye barafu, hakuna kutafuta maegesho. Nyota tano bila ubishi.

Kimo kisikudanganye. Chini ya mlima ni karibu mita 2,740, juu kabisa ni zaidi ya mita 3,600. Kwa mtu wa Kilimanjaro hesabu ni rahisi: unalala kambi ya Mandara, unacheza karibu na ile ya juu yake, Horombo. Nami, mtoto wa huko huko, nikabeba mabegi mbio mbio, na jioni kichwa kikawa kinagonga kama ngoma. Kunywa maji, na ile pole pole wanayoambiwa wageni kule kwetu, jiambie mwenyewe.

Sasa mavazi. Tunaishi Columbus, na Columbus ni Ohio State. Anayeijua Kariakoo siku ya Simba na Yanga hahitaji maelezo kuhusu Ohio State na Michigan, vyuo viwili mahasimu wa futiboli ya Kimarekani. Tatizo langu ni rangi. Mimi ni Yanga tangu tumboni, na majaliwa yamenileta mji unaovaa nyekundu na kijivu, huku adui ndiye mwenye njano. Binti alinunua makoti mekundu manne yenye nembo ya timu, nikalivaa langu kimya kimya, nikiomba picha zisifike Moshi. Lakini kwenye theluji, nyekundu ni dawa. Mtoto yuko mita mia mbili chini na unamwona. Kofia za kijivu, kwa upande mwingine, ni hasara. Wingu likishuka, mvaaji anapotea. Halafu kuna ule wito. Mtu usiyemjua anapaza sauti kutoka juu ya lifti ya viti, "O-H!", nawe unajibu "I-O!", mnakamilisha herufi za Ohio. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya tatu nilikuwa naanzisha mwenyewe.

Vifaa tulikodi duka moja mjini, na hapo natoa nyota mbili tu. Kijana wa kaunta alikuwa na haraka, akamwekea mwanangu viatu ambavyo kisigino kilikuwa kinacheza ndani, mchana malengelenge. Kosa la pili tuligawane. Fomu inauliza uzito, kwa sababu kwa uzito huo na vipimo vingine wanarekebisha ule mtego unaoshika kiatu, uachie ukianguka usije ukavunjika mguu. Miaka tisa Marekani bado najipima kwa kilo. Nikaandika 82. Wao wakasoma pauni 82, uzito wa mtoto wa shule, na kijana hakuinua macho kuniangalia.

Kwa hiyo kila nikijaribu kukata kona, skii inaniaga na kuteremka peke yake. Mara ya tatu aliyenirudishia alikuwa mzee mwenye kofia ya bluu na njano. Michigan. Akaitazama nembo kifuani kwangu, akanipa skii, akasema tu, "Kumi na tatu, kumi." Ndiyo matokeo ya Novemba 30, tulipofungwa nyumbani. Nilimshukuru. Ningefanyaje?

Pesa yangu iliyokwenda vizuri kuliko zote baada ya treni ni ya mwalimu. Usimfundishe mtoto mwenyewe, na mkeo ndiyo kabisa usimguse. Wanafundisha kwa chakula: miguu ikielekeana mbele ni piza, unasimama, ikinyooka sambamba ni chipsi, unakwenda. Hadi saa saba mchana mwanangu alikuwa kwenye njia za kijani, ambazo ndizo nyepesi, anatupigia kelele, "Baba, piza! Piza!" Tiketi za lifti nunua mapema mtandaoni, dirishani ni ghali mno.

Jumatatu tulishuka mlimani mapema, kwa sababu saa kumi na moja na nusu jioni fainali ya taifa ya futiboli ya vyuo ilikuwa inaanza Atlanta, sisi na Notre Dame. Tukajazana sebuleni na soksi zetu zinanuka. Ikawa 31 kwa 7, nikaanza kupanga usingizi, wakarudi mpaka 31 kwa 23. Mke wangu, ambaye hajui sheria hata moja ya mchezo huu, alikuwa amesimama juu ya kochi. Kisha Will Howard wetu akarusha ule mpira mrefu kwa mwenzake Jeremiah Smith, na ikaisha 34 kwa 23. Nje, kwenye baridi ya kukata masikio, mtu alikuwa anapiga "O-H!" gizani. Tukafungua dirisha sote wanne.

Safari nzima naipa nyota nne. Tutarudi, na fomu naijua: pauni 181.